Pistoni Iliyoshika

Mtu aliyeleta habari alikuwa amening'iniza viatu vyake shingoni kwa sababu ya tope. Alikuwa mchunga ngamia wa ukoo wa mke wangu, na alikuwa ametembea siku tatu kutoka upande wa Liboi mpaka kwetu Garissa mjini, akizunguka maji yaliyotanda kila mahali. Mama yangu alimpa maziwa. Akayashika mkononi, hakunywa.

"Mbuzi wametupa mimba," alisema. "Si mmoja, si kumi. Zizi zima, kwa siku mbili. Na sasa hata watu wanatokwa na damu puani."

Nilimuuliza kuhusu mke wangu. Alisema alimwacha mzima, ameketi nje ya nyumba ya mamake. Lakini alilijibu swali hilo huku akiyatazama yale maziwa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa ameenda kujifungulia kwa mamake, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza, na aliondoka kabla mvua hazijaanza. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka wa ile mvua kubwa. Mto Tana uliacha njia yake ukaingia kwenye bula za chini, mitaa yetu ya kando ya mto. Barabara ya Nairobi ilikatika. Malori yaliyokuwa yakielekea Liboi yalizama mpaka milangoni, na madereva wake wakarudi kwa miguu wakiwa wamekonda.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchanja mifugo. Nilijua kwamba mbuzi wakitupa mimba wote kwa pamoja kuna kitu kimeingia kwenye damu yao. Sikujua tu kitu hicho humfanyia nini mwanamke mwenye mimba. Nilikwenda hospitalini kuuliza. Mhudumu aliyekuwa mlangoni, ambaye tulisoma naye shule ya msingi, aliniambia bado wanapima, hakuna anayejua. Kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nimeshika mbuzi wagonjwa. Nikamwambia hapana. Niliona ameshasogea nyuma hatua moja.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nitakwenda kwa miguu.

"Utafika siku ya tatu," mama akasema kwa Kisomali. "Halafu? Utambeba mgongoni?"

Ndipo nilipoikumbuka pikipiki.

Ilikuwa ya abti wangu, kaka wa mama. Alipohamia Rhamu kulima vitunguu kando ya mto Daua aliniachia, ikiwa tayari imechoka, na mimi nikaiegemeza nyuma ya nyumba zaidi ya mwaka mzima nikisema kesho nitaitengeneza. Mto ulipofurika, maji yaliifunika mpaka kwenye usukani. Yalipopungua, ilikuwa imejaa tope na mizizi ya majani. Niliisimamisha, nikaukanyaga mkono wa kuwashia. Haukushuka. Nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, uzito wangu wote. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Mama alitoka nje akanitazama. Alipotaka kuwa mkali aliacha Kisomali akasema Kiswahili chake cha sokoni, kisichojua herufi p. "Hiyo bikibiki imekufa," alisema. "Tafuta bunda."

Niliisukuma hadi kwa fundi mmoja mzee, Mkamba aliyekuja Garissa kabla sijazaliwa, mwenye kibanda cha mabati kwenye kiinuko karibu na soko la ng'ombe. Maji hayakumfikia huko. Nilimweleza kila kitu nikiwa bado nahema. Hakusema pole. Alifungua plagi, akamulika tochi ndani ya tundu, akafunga jicho moja.

"Imeshika," alisema. "Pistoni imekula kutu, imeganda na silinda. Zimekuwa kitu kimoja."

"Inaweza kutoka?"

"Inaweza kutoka, inaweza kupasuka. Ikipasuka, silinda nyingine iko Nairobi. Na Nairobi, wewe unajua, haiendeki." Alizima tochi. "Kwa hivyo hatutapiga kitu hapa kwa haraka. Umenisikia, warya?" Neno hilo la kumwita kijana alikuwa amelichukua kwetu.

Nilimsikia. Lakini nilishaanza kuhesabu siku.

Siku hiyo tuliitoa injini kwenye fremu. Tanki la petroli tuliliweka mbali, upande wa pili wa ua. Fundi alifungua nati za kichwa cha silinda moja baada ya nyingine, robo duara kwa kila moja, akirudia tena na tena, na kila nati iliyolia nilidhani imekatika. Kichwa kilipotoka niliiona pistoni imekwama katikati ya silinda, na kuizunguka pande zote kulikuwa na duara la kutu, jekundu, limevimba. Alichanganya dizeli na oili ya gia kwenye kopo akamimina juu yake, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Sasa tunangoja," akasema.

Kungoja ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa naamka alfajiri, naswali, kisha nakwenda kuchungulia kama dizeli imepungua. Ikipungua inamaanisha inapenya. Siku ya kwanza haikupungua hata kidogo. Sokoni watu walikuwa wakisimulia: huko kuna kijiji kimeondoka chote, huko kuna msichana aliyelia machozi ya damu. Wengine walisema ni laana, wengine walisema ni sumu iliyomwagwa na ndege. Nilikuwa napita nikiziba masikio, kisha narudi kusikiliza. Kila msichana waliyemtaja nilimpa uso wa mke wangu.

Siku ya tatu fundi alikwenda kula mchana akaniacha peke yangu. Nilichukua nondo na nyundo. Najua alinikataza. Niliiweka nondo ukingoni mwa pistoni nikapiga mara moja, nikasikiliza, nikapiga mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu kitu kikaruka. Kilikuwa kipande cha pistoni, ukubwa wa punje ya hindi, kinang'aa pale kilipokatika. Nikakitia mfukoni, nikarudisha nondo mahali pake, nikamimina dizeli juu ya jeraha ili lisionekane.

Fundi aliporudi aliinama mara moja tu.

"Kipande kiko wapi?"

Niliitazama nondo.

"Kijana, sikuulizi nani amepiga. Nauliza kipande kiko wapi. Kama kimeanguka chini ndani ya injini, tumekwisha, kitasaga kila kitu."

Nikakitoa mfukoni. Alikipokea, akakilinganisha na pengo, akaona kimetoka chote. Kisha akaketi juu ya gurudumu kuukuu, akafuta uso kwa shati lake. Nilidhani ataniambia nichukue chuma changu niende. Nilikuwa tayari kumpigia magoti.

"Ni ukingo wa juu tu," alisema mwishowe. "Haijafika kwenye ringi. Nitaulainisha kwa tupa." Akanitazama. "Nenda mpaka mtoni urudi. Ukiwa karibu na hii injini na hofu yako, utaiua."

Nilikwenda. Mto ulikuwa bado mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kulikuwa kukipita mzoga wa mbuzi, miguu ikitazama juu. Nilirudi mbio.

Siku ya tano alisema tuipashe moto. Tulimwaga nje dizeli yote iliyokuwa imebaki juu ya pistoni, tukakausha kwa matambara, tukaiketisha injini kwenye karai kuukuu na kuzungushia silinda makaa yaliyowaka. Alinieleza: chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja, na kutu haiwezi kufuata, itaachia. Ipashe, iache ipoe, ipashe tena. Kati ya moto mmoja na mwingine alikuwa akiweka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni na kukigonga kwa nyundo, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Moto wa tatu ndio uliokaribia kutumaliza. Dizeli ilikuwa imepenya kumbe, si haba, imejaa chini ndani ya injini, na joto likaifanya ichuruzike kwenye maungio hadi juu ya makaa. Iliwaka yote kwa pamoja. Mkono wa shati la fundi ulishika moto. Nilichota mchanga kwa viganja viwili.

"Si mchanga!" alipiga kelele. "Usitie mchanga!"

Mkono wake unaungua, na yeye anailinda injini yangu. Nilimwaga ule mchanga, nikanyakua gunia lililokuwa limelowa mvua, nikamfunika nalo mkono, kisha nikaitupia injini. Moshi ulitujaa. Tulikohoa tukiwa tumepiga magoti, tukiogopa kufunua. Tulipofunua, mkono wake ulikuwa na malengelenge kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Injini ilikuwa nyeusi. Nilitaka kumpeleka hospitalini, akakataa, akaupaka asali aliyoletewa kutoka kwao Mwingi.

Asubuhi ya siku ya sita aliushika mti kwa mkono mbovu, akagonga kwa ule mzima. Nikasikia kitu kidogo sana, kama kifundo cha kidole kinapoalika. Fundi aliacha kugonga. Tuliinama wote. Duara la kutu lilikuwa limebaki juu, na pistoni ilikuwa imeshuka chini yake unene wa ukucha.

"Alhamdulillahi," nilisema.

"Amina," alisema yule mzee Mkristo, akaendelea kugonga.

Mpaka jioni ilikuwa inashuka na kupanda, na silinda ilichomoka juu yake bila ufa. Kutu ndani yake tuliisugua kwa msasa laini. Ilibaki kazi moja: ringi mbili za pistoni zilikuwa zimegandia kwenye vijia vyake, na ringi ni kitu chembamba, kinakatika kama mfupa wa samaki. Alisema tutazifanya kesho, macho yake yamechoka.

Kesho yake kibanda kilikuwa kimefungwa. Nilimfuata kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, na juu ya kitambaa kando ya kichwa chake niliona damu.

Sikuingia. Ninaandika hivi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Mtu huyu aliungua kwa ajili yangu, na mimi nilisimama nje ya mlango, nimejiziba pua kwa kitambaa cha shingoni, kwa sababu wiki hiyo kila mtu mjini alikuwa amekula nyama ya bei rahisi na hakuna aliyejua imetoka kwa mnyama gani.

"Ni wewe?" aliita. "Ingia."

"Niko na haraka, mzee. Niambie tu namna ya kuzitoa ringi."

"Unaniogopa," akasema. Hakuuliza.

"Hapana, mzee."

Aliniambia, kupitia ule ufa wa mlango, sauti ikipanda na kushuka kwa homa. Uchemshe pistoni kwenye maji ya sabuni. Upake oili. Uingize kisu chembamba mahali pasipo na ile pini inayozuia ringi, usivute, usukume ringi irudi ndani kwanza, kisha itatoka yenyewe. Ikikataa, chemsha tena. Na ikishawaka, usiikimbize. Baada ya kila mwendo mfupi simama, iache ipoe, mpaka izoeane na silinda. Nilimwachia maji na dawa ya malaria mlangoni, nikasema atakuwa sawa. Baadaye ilijulikana kwamba ilikuwa malaria kweli, na damu ilitoka kwenye ulimi alioung'ata kwa kutetemeka. Alipona. Lakini siku ile sikujua hilo, na niliondoka.

Kwa ufunguo alionirushia nilifungua kibanda, nikaileta injini na fremu nyumbani kwa mkokoteni, nikazichemsha ringi kwenye sufuria ya mama, naye akaitupa sufuria ile baadaye. Ya kwanza ilitoka baada ya kuchemshwa mara mbili. Ya pili ilinichukua tangu adhuhuri hadi alasiri. Kila iliposogea nilisimama kupumua, jasho likinidondoka juu ya kisu. Zilitoka zote mbili nzima. Siku ya nane niliiunga injini peke yangu, nikitamka kwa sauti kila nati ninayokaza. Jioni nilikanyaga mkono wa kuwashia mpaka mguu ukafa ganzi. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliojaza ua wote, ikawaka. Majirani walitoka. Mama alilia, nami sikufurahi hata kidogo. Sasa hakukuwa na sababu ya kutokwenda kuona kilichotokea.

Niliondoka asubuhi ya siku ya tisa na dumu la petroli nyuma. Nilifuata miinuko, mbali na barabara, nikifanya nilivyoagizwa: mwendo mfupi, kusimama, kungoja. Kwa saa kadhaa nilitii. Kisha nikafika mahali palipokuwa zizi. Mbuzi walikuwa wamelala ndani ya boma la miiba wakiwa wamevimba, wadogo kwa wakubwa, na hakukuwa na mtu, hata mbwa. Sauti ya nzi niliisikia juu ya sauti ya injini. Nikavuta mafuta mpaka mwisho. Sikusimama tena. Nilikuwa nakimbia, na chuma kilikuwa kinakimbia pamoja nami.

Ilishika katikati ya uwanda mtupu. Gurudumu la nyuma lilijifunga ghafla, nikaanguka kwa bega. Kisha kukawa kimya. Nilijaribu mkono wa kuwashia: jiwe. Nilikaa chini kando yake nikalia kama mtoto, kisha nikanyamaza kwa sababu sauti husafiri mbali pale, na miaka ile hukutaka kila mtu ajue ulipo.

Lakini walishajua. Wanaume watatu walikuja kutoka vichakani, mmoja na bunduki begani. Hawakusalimu. Waliniuliza ukoo wangu.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua swali hilo lilivyokuwa na uzito. Jibu moja linakupa maziwa, jingine linakupa kaburi, na usoni mwa anayeuliza hakuna kinachokuonyesha lipi ni lipi. Nilisema ukweli, na haraka nikaongeza jina la baba mkwe wangu, nikisema nakwenda kwake, binti yake ni mke wangu.

Mwenye bunduki alimtazama mwenzake.

"Yule mzee tulimzika juzi," alisema.

"Na binti yake?"

"Sijui wanawake wa watu," alisema, lakini si kwa ukali. "Inuka, adeer," akaniita kwa heshima, kama ami yake. "Hiki chuma chako kina nini?"

Niliwaambia kinahitaji kupoa. Tukakaa wanne tukikitazama. Walikuwa wamepoteza mifugo yao yote, na walitaka kujua kama mjini kuna dawa. Niliposema hakuna, yule mdogo wao aligeuza uso. Niliigusa silinda kila baada ya muda, mpaka kiganja kikaweza kukaa juu yake. Nikatia gia ya mwisho, tukaisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole, bila kulazimisha. Ikaachia. Walinisindikiza hadi kwenye laga, mkondo wa mto wa msimu, iliyokuwa na maji ya kifuani, tukaziba bomba la moshi kwa kitambaa, wakaibeba pikipiki juu ya fito mbili huku nikitembea mbele kupima kina kwa mguu.

Nilifika kwa wakwe jua likiwa bado liko juu. Mke wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, na nilipomwona ametulia vile nikashindwa kushuka. Ni yeye aliyeinua kichwa.

"Nimeisikia tangu mbali," alisema. "Nilidhani ni wanajeshi. Nimejificha moyoni tu, mwili ulikataa kuinuka."

"Mtoto?"

Alichukua mkono wangu, mweusi wa oili, akauweka tumboni. Nilingoja. Nilingoja sana, pengine si sana kama ninavyokumbuka. Kisha kisigino kidogo kikanisukuma.

Alikuwa na homa, na mamake alikuwa amekaa eda ya mumewe bila mtu wa kumsaidia. Kesho yake alfajiri tulimwacha mama mkwe na shangazi wa mke wangu aliyekuja kukaa naye, nami nikampakia mke wangu nyuma, nimemfunga kwangu kwa shuka ili asianguke akizimia. Safari ya kurudi ilichukua siku mbili, maana tuliizunguka ile laga mpaka tukapata kivuko cha maji ya magotini. Baada ya kila mwendo mfupi nilisimama. Aliniuliza mbona tunasimama hata pasipo na kivuli, nikamwambia injini inapumzika. Sikumwambia kwamba kila sauti ya injini niliisikia kwenye mbavu zangu, wala kwamba nilikuwa nikipima homa yake kwa paji la uso lililoegemea mgongo wangu. Usiku tulilala kwenye boma la watu wasiotujua, waliotuletea maji lakini wakayaweka mbali nasi, nami sikuwalaumu.

Mjini walimlaza. Ilichukua zaidi ya wiki homa kushuka, na hawakutuambia kamwe ilikuwa homa gani. Binti yetu alizaliwa mwezi uliofuata, mdogo, mwenye kelele, siku ambayo lori la kwanza kutoka Nairobi liliingia Garissa. Muuguzi alipomleta nilimtazama pua, nikamtazama fizi, nikamtazama macho. Nilifanya hivyo kila asubuhi mpaka alipoanza kutembea, na mke wangu hakuniuliza ninatafuta nini.